Barua ya wazi kwa mnaoteua hadithi fupi za shuleni: huyo mnayemwita kichaa mwacheni aongee mwenyewe

Wakuu wa mitaala, na nyinyi mnaokaa kwenye kamati za kuteua vitabu vya fasihi, na wahariri wa diwani zetu za hadithi fupi, hamjambo, na Assalam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha sekondari huku Pwani ya Kenya miaka 15 sasa. Barua hii nimeiweka wazi manake ile ya kupeleka ofisini najua inapokelewa, inagongwa muhuri, basi, na hili jambo nataka wazazi walione, na walimu wenzangu, na hasa wale kina mama ambao wakisoma watajijua ni wao bila mimi kumtaja mtu.

Nianze na darasa. Mnajua swali la dondoo linavyokuja kwenye Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi, eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4, halafu linafuata la sifa za mhusika. Sasa muhula uliopita nlikuwa na Kidato cha Tatu tunasoma hadithi moja ambayo ndani yake kuna mwanamke anapitapita tu barabarani, nguo zimechanika, nywele timtim, watoto wanamrushia mawe, na mwandishi anamtumia kama anavyotumia takataka na mitaro iliyoziba, yaani kuonyesha tu kwamba mtaa umeoza. Nikauliza sifa zake. Mikono juu darasa zima, ni kichaa, ni kichaa. Nikaandika ubaoni, ni kichaa, na mwongozo nlioshika mkononi ulikuwa unasema hivo hivo, ukitaja hiyo una alama yako. Halafu msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida humsikii sauti, akauliza, "Mwalimu, kwani yeye mwenyewe anasemaje?"

Nikarudi kwenye kitabu nikapekua ukurasa kwa ukurasa mbele ya darasa. Hasemi kitu. Anacheka, anaimba, anapiga kelele, lakini sentensi yake mwenyewe hana hata moja toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia yule binti kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutarudi kwalo, na kengele ikalia, na hatukurudi, manake sikuwa na kitabu cha kumrudishia. Ndo maana naandika.

Na sababu ya pili ni kwamba mimi mwenyewe nlishawahi kuwa huyo mwanamke, ila wakati huo nlikuwa ndani ya nyumba na nguo zangu zilikuwa safi.

Mwaka 2014 nlijifungua mtoto wangu wa pili. Arobaini nliifanyia kwetu, kwa mamangu, na zile siku 40 zilinichukua vizuri tu, nakandwa na maji moto, naletewa supu ya kuku na uji wa pilipili manga, mtoto anachukuliwa na shangazi huyu anapokezwa huyu, na usiku wanawake wamejaa chumbani wanapiga stori mpaka wanakumbuka mambo ya harusi za zamani, nacheka, nalia, nikilia mtu ananiuliza una nini, nasema sijui, wananiambia lia tu mwanangu, hata mimi wa kwanza nililia hivo. Zikaisha. Nikarudi kwangu, ghorofa ya tatu, mume kazi zake za shifti, na kuanzia hapo naweza kusema ukuta ndo ulikuwa jirani yangu. Nikawa silali hata mtoto akilala. Nikawa naogopa ngazi, naogopa kisu cha jikoni, naogopa mikono yangu. Kliniki nlienda kila mwezi bila kukosa, mtoto anawekwa kwenye mizani, uzito unachorwa kwenye kile kijitabu, mstari unapanda vizuri, hongera mama, anayefuata. Mimi sikuulizwa kitu na sikusema kitu.

Ilipofika mahali nakaa sakafuni siinuki, nikapelekwa kwa daktari. Simtaji na wala sina ugomvi naye tena. Aliongea na mume wangu juu ya kichwa changu, mi nimekaa katikati yao, akasema huyu amechoka, apumzike, asishike kazi yoyote, vitabu viwekwe kando, simu apunguziwe, na haya mambo ya kuandikaandika usiku aache kabisa manake yanamchosha akili. Mume wangu akatii kwa upendo kabisa, hili nalisema wazi, alitii kwa kuwa ananipenda. Upande wa pili shangazi yangu mmoja akasema ni jini la baharini. Kwa hiyo nlikuwa na watu wawili wanaojua tatizo langu, mmoja anasema uchovu mwingine anasema jini, na mwenye tatizo nimelala nasikiliza.

Nikawa naandika kwa kificho, nyuma ya karatasi za mtihani wa moki ambazo sikuwahi kuzirudisha shule, nazikunja naziweka chini ya godoro. Rafiki yangu anayefundisha Kiingereza alipokuja kunitembelea nikamwonyesha. Akasoma, hakuongea sana. Wiki iliyofuata akaniletea fotokopi ya hadithi moja, kurasa hazifiki hata 20, akaniambia soma ukiwa peke yako.

Hiyo hadithi inaitwa "The Yellow Wallpaper", mimi naiita Karatasi ya Manjano, yaani ile karatasi ya maua inayogandishwa ukutani badala ya rangi. Aliiandika Mmarekani Charlotte Perkins Gilman ikatoka Januari 1892 kwenye jarida la The New England Magazine. Mwanamke amejifungua, hayuko sawa, mumewe John ni daktari, na kakake pia ni daktari, na wote wawili wanasema hana ugonjwa wowote, ni mishipa tu imelegea kidogo. Wamepanga jumba la kizamani huko shamba miezi mitatu ili apumzike. Yeye alitaka chumba cha chini chenye maua ya waridi dirishani, mume akakataa, akamweka juu kwenye chumba kilichokuwa cha watoto, madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na ukutani ile karatasi ya manjano iliyobanduka upande wa kichwani. Asifanye kazi. Asiandike. Mtoto anashikwa na mtu mwingine. Mapema kabisa kwenye hadithi anajiuliza, na anarudia tena na tena, sasa mtu afanyeje? Nlipofika hapo niliweka fotokopi chini nikakaa muda mrefu, manake hilo ndo swali nlilokuwa nalo mdomoni miezi yote ile na sikuwa nimewahi kulisikia mahali popote.

Na hakuyatoa hewani. Charlotte alizaliwa 1860 huko Hartford, Connecticut, akaolewa 1884, bintiye akazaliwa Machi 1885, na baada ya hapo akaingia gizani kabisa. Mwaka 1887 akaenda Philadelphia kwa daktari bingwa wa neva aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote, Silas Weir Mitchell, aliyepata umaarufu kwa kutibu askari waliojeruhiwa neva kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tiba yake iliitwa tiba ya kupumzika. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, analazwa kitandani wiki 6 mpaka 8, anatengwa na jamaa zake, analishwa maziwa na vyakula vya kunenepesha, anakandwa mwili, anapitishiwa umeme kidogo kwenye misuli, na hasomi, haandiki, hashoni. Charlotte alipotoka hapo akarudishwa kwake na masharti: ishi maisha ya nyumbani tu, mtoto awe na wewe muda wote, kazi ya kichwa isizidi masaa mawili kwa siku, na kalamu na brashi usiguse tena maisha yako yote. Alitii miezi kama mitatu. Baadaye aliandika kwamba alifika karibu sana na ukingo wa kuharibikiwa na akili, mpaka akawa anaona upande wa pili. Akaacha kutii. Akatengana na mumewe 1888, akahamia Pasadena, California, na hadithi akaiandika kiangazi cha 1890.

Sasa niwape jambo ambalo lilinikasirisha na bado linanikasirisha. Daktari huyo huyo Mitchell, alipoletewa wanaume waliochoka akili, baadhi yao aliwaambia nendeni Magharibi mkapande farasi na kuwinda. Mmoja wao ni Owen Wister, 1885 akapelekwa Wyoming, huko akawa anaandika kumbukumbu za kila siku, na mwishowe akawa mwandishi maarufu wa riwaya za wachunga ng'ombe. Miaka miwili inapita, mwanamke anaingia mlango huo huo, anaambiwa kalamu usiguse mpaka ufe. Nawaomba msome hiyo sentensi tena polepole, halafu mfikirie ni msichana gani darasani kwenu saa hizi anaandika kitu nyuma ya daftari la hesabu.

Na uchapishaji wake pia una funzo kwenu nyinyi wahariri. Hadithi ilipelekwa kwanza kwa Horace Scudder, mhariri wa Atlantic Monthly. Akaikataa. Hakusema ni mbaya. Alimwandikia kwamba asingejisamehe kama angewafanya watu wengine wawe na huzuni aliyoipata yeye kwa kuisoma. Yaani iliandikwa vizuri mno kiasi cha kutochapishwa. Na ilipotoka kwingine daktari mmoja wa Boston akalalamika kwamba hadithi kama hiyo haifai kuandikwa, inaweza kumtia mtu wazimu. Kisha ikakaa pembeni miaka mingi, inatajwa kidogo kama hadithi ya kuogofya tu, mpaka 1973 ilipochapishwa upya na Feminist Press, ndo wanawake wakaisoma kwa wingi wakajiona humo.

Mimi ilinisaidiaje? Haikuniponya, sitaki kudanganya mtu. Nilipona kwa dawa na kwa mshauri nliyekuja kumpata baadaye, na kwa mamangu aliyehamia kwangu miezi minne bila kuulizwa. Lakini kabla ya hiyo fotokopi sikuwa na namna ya kusema. Baada ya kuisoma nlimpa mume wangu, Kiingereza chake kizuri kuliko changu, akasoma usiku mmoja, asubuhi akaniuliza, "Mimi ndo John?" Nikamwambia ndiyo. Hayo ndo maneno ya kwanza ya kweli tuliyoambiana toka mtoto azaliwe, na ni yeye aliyenitafutia huyo mshauri.

Tangu wakati ule nimekuwa nikiitafsiri, kwa mkono, kwenye madaftari, na nataka niwaambie walimu wenzangu kitu ambacho lugha yetu inakifanya. Mwanzoni msimulizi anaona nyuma ya maua ya karatasi kitu tu, umbo. Kwa hiyo naandika kinajificha, kinasogea, kinafanana na mwanamke aliyeinama. Halafu unafika usiku anapokuwa na hakika kwamba ni mwanamke, na hapo kwenye Kiingereza kinabadilika kineno kimoja kidogo, lakini kwetu sisi sentensi nzima inageuka, anashika nondo, anazitikisa, anataka kutoka. Kutoka ki kwenda a. Kitu kimekuwa mtu. Nilipoandika huo mstari mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Na lile neno la mwisho la kutambaa, manake mwishoni msimulizi anafunga mlango, anatupa ufunguo nje, anabandua karatasi na kutambaa akizunguka chumba kandokando ya ukuta, mumewe anaingia anaanguka kuzimia, naye anaendelea kutambaa juu yake. Kutambaa kwetu ni kwa mtoto wa miezi minane. Mwanamke mzima, wamemweka chumba cha watoto, mumewe anamwita kasichana, na mwisho anatambaa. Hapo ndo pa kumuuliza mwanafunzi swali la alama 10, nani kamfanya awe hivi, ulete ushahidi kwenye hadithi.

Tena ukiangalia, ile hadithi yote ni maandishi yake ya kificho. Mahali anakatiza ghafla, John anakuja, lazima nifiche hii. Kwa hiyo mwanafunzi anaposhika kitabu anakuwa ameshika kile kile alichokatazwa kukiandika.

Sasa nirudi kwenye hilo neno lililobaki ubaoni kwangu. Kichaa kwa Kiswahili ni ugonjwa na ni mtu pia, neno moja. Tunasema ana malaria, ana kisukari, hakuna anayesema yule ni malaria. Lakini ni kichaa tunasema, na tukishasema ni, huyo mtu ameisha, hana tena habari nyingine, hana jana, hana mtoto, hana alichokuwa anakifundisha. Huku kwetu ukikasirika kidogo tu unaambiwa utapelekwa Port Reitz, Nairobi wanaambiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo ipo toka 1910, na jina la hospitali limekuwa tusi la watoto uwanjani. Neno sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wanafunzi wangu wengi hawalijui, nikilitaja wanafikiri ni kukoroma. Mwongozo wa mwalimu ungeweza kufundisha tu hiyo tofauti ya ana na ni, na hilo peke yake lingekuwa kazi kubwa.

Na si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwa nchi zinazoendelea inafika asilimia 19.8. Wanawake watano wakitoka leba leo, mmoja. Maswali 10 tu, yale yanayoitwa ya Edinburgh ambayo yapo toka 1987, yanatosha kumgundua mama anayehitaji kusaidiwa, lakini hilo nawaachia wa afya. Serikali yetu yenyewe iliunda jopo, likiongozwa na Daktari Frank Njenga, na ripoti ya 2020 ikapendekeza hali ya afya ya akili itangazwe janga la taifa. Mpaka juzi hapa mtu akijaribu kujiua alikuwa anashtakiwa, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu Januari 2025 ilipoamua kwamba hicho kifungu kinakwenda kinyume na Katiba. Basi kama mahakama imesogea na jopo limesema, hadithi zetu za shule zimebaki nyuma kwa nini? Mtoto atajifunza wapi kwamba mamake anaweza kuumwa hivi na bado akawa na akili ya kusema anachohisi?

Nisieleweke vibaya, sisemi Charlotte ni malaika wa kuabudiwa. Kuhusu watu weusi aliandika mambo mabaya sana, 1908 alichapisha makala akipendekeza Wamarekani weusi walioonekana hawajiwezi waandikishwe kwenye jeshi la kazi kwa lazima. Nilipolijua hilo niliumia, manake ni kama mtu aliyekushika mkono usiku halafu asubuhi unamuona uso. Nafundisha hadithi yake na hilo pia nitalisema darasani, vyote viwili. Na ni sababu mojawapo ya kwa nini kutafsiri peke yake hakutoshi.

Tunao waandishi wetu. Bessie Head alizaliwa 1937 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, manake mamake, mwanamke wa kizungu, alikuwa amefungiwa humo, na babake alikuwa mtu mweusi. Akalelewa na watu wengine bila kumjua mamake. Mwaka 1964 akahamia Botswana, akakaa Serowe, 1971 yeye mwenyewe akalazwa hospitali ya akili Lobatse, akatoka, akaandika. Mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa 1977, "The Collector of Treasures", umejaa wanawake wa kijijini, na wana sauti, wanahukumu, wanakumbuka. Huyo ni mwanamke ambaye mamake alifungiwa humo, yeye akaacha vitabu. Kwa nini mwanafunzi wa Kilifi hamjui kwa Kiswahili?

Na kwetu kwetu pia. Nimesoma diwani nyingi, nimezifundisha, na kila mara mwanamke mwenye ugonjwa huu namkuta nje, sokoni, jalalani, kwenye kituo cha matatu, anaonwa na mtu mwingine. Ndani ya nyumba simkuti. Chumbani, akiwa amevaa deraa safi, mtoto amelala, hapo ambapo wengi wetu tulikuwa, hakuna mwandishi amefika, au amefika na nyinyi hamkumchukua. Na hadithi fupi ndo chombo chake hasa, manake mtu aliye kwenye hali ile hana pumzi ya riwaya, ana kurasa kumi za chini ya godoro.

Kwa hiyo naomba. Sasa hivi mnatengeneza vitabu vya shule ya upili ya mtaala mpya, nafasi ipo wazi kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Kwenye kila diwani mtakayoidhinisha muweke hata hadithi moja ambayo mwanamke mwenye ugonjwa wa akili ndo msimulizi, nafsi ya kwanza, mimi, sentensi zake. Mkitangaza nafasi ya kuleta hadithi, msiishie kwa waandishi mnaowajua na maprofesa, tangazeni mpaka kwenye kliniki za wazazi na vikundi vya wanawake, na mkubali maandishi ya mtu asiyetaka jina lake litoke, na mumlipe kama mnavyowalipa wengine. Kwenye miongozo ya kusahihisha mtoe hiyo alama ya "ni kichaa". Mwanafunzi akiiandika aulizwe umejuaje, nani amesema, na aliyesema ana faida gani. Na walimu tupewe hata siku moja ya semina na muuguzi wa afya ya akili, manake ukifundisha hadithi ya namna hii kuna mtoto atakufuata baada ya kipindi akwambie kitu, na mimi alishanifuata, na sikuwa najua nimpeleke kwa nani.

Najua mtasema ni mada nzito kwa watoto. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi iliyotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa hofu kama hiyo, na watu wakaendelea kuisoma kwa kificho, na wasichana wakaendelea kupata mimba na kufukuzwa, kitabu hakikuwa ndo kilichowaanzishia. Wanafunzi wangu wanalea wadogo zao mama akiwa kalala mchana kutwa kitandani kageukia ukutani. Wanampikia. Wanadanganya majirani kwamba amesafiri. Uzito wanao tayari, wanaubeba asubuhi wakija shule.

Mtasema pia kwamba hadithi kama hiyo itafanya wasichana waogope kuzaa. Mimi nlizaa wa tatu baada ya kuisoma. Tofauti ni kwamba mara hii kabla sijajifungua nlikaa na mume wangu na mamangu nikawaambia, mkiona silali siku tatu, mkiona naficha karatasi, msininyang'anye, niulizeni nimeandika nini. Na arobaini ikawa miezi mitatu, hapo hapo kwangu ghorofani, wale shangazi wakaja kwa zamu, hata yule wa jini alikuja, akakanda, akapiga stori, akaniuliza. Siku hizi mimi nawaambia watu kwamba ukimweka mzazi kitandani akala akanenepa umefanya alichofanya Mitchell, na ukimweka kitandani hivo hivo na wanawake wanne wanaomuuliza unajisikiaje na kumngoja amalize kujibu, umefanya walichofanya bibi zetu, na kwa nje vinafanana kabisa.

Tafsiri yangu ya Karatasi ya Manjano imekamilika, iko madaftari matatu na sasa nimeichapa kwenye kompyuta ya shule. Hadithi ni ya 1892 na mwandishi alifariki 1935, hamna wa kumlipa haki. Sidai kitu. Mkiihitaji nitaileta mwenyewe mpaka Nairobi, nauli ni juu yangu, nipeni tu siku na jina la ofisi. Yule msichana wa dawati la nyuma mwaka huu yuko Kidato cha Nne, anafanya mtihani Novemba, na nlimuahidi tutarudi kwenye swali lake.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili, Pwani